Jino la chonge la mtoto wa jirani

Wiki iliyopita, hapa Kavimvira, mama mmoja jirani alikuja na mtoto wake wa miezi sita. Mtoto anaharisha, ana homa, hataki kunyonya. Bibi mmoja wa pale akamfungua mdomo, akapapasa ufizi, akasema: "Huyu mutoto anagonjwa juu ya meno ya uongo. Wayatoe tu." Wengine huyaita meno ya plastiki. Mimi nikaulizwa, eti ndiye nimesoma biolojia. Siku ile nilijibu haraka haraka, leo naandika vizuri.

Ule uvimbe mweupe ndani ya ufizi si plastiki wala mdudu. Ni jino la chonge la utoto, bado linajengwa. Jino huanza kama kifuko kidogo cha seli ndani ya taya. Seli za nje, zinazoitwa ameloblasti, hutandaza protini na kuijaza madini ya kalisi na fosfati, kama mikromita 4 tu kwa siku. Milimita moja, basi, ni kazi ya miezi minane hivi! Baadaye protini huondolewa, madini hushika nafasi yake, mpaka enameli inakuwa madini kama 96% ya uzito wake. Mwilini hakuna kilicho kigumu kuizidi, hata mfupa. Lakini jino likishatoka, ameloblasti zimekwisha kufa. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikiharibika, fundi wake hayupo tena.

Sasa angalieni miezi. Jino la chonge la utoto hutoka kwenye miezi 16 hadi 20. Lile la kudumu huanza kupata enameli yake mtoto akiwa na miezi minne au mitano tu, jirani kabisa na lile la utoto. Anayechokonoa ufizi kwa kisu au waya wa gurudumu la baiskeli anagusa meno mawili kwa mkono mmoja. Bado sijataja pepopunda na kuoza kwa damu. Desturi hii iko pia Burundi, Rwanda, Tanzania na Uganda.

Watu si wajinga, lakini. Miezi sita ndiyo mtoto anaanza uji na maji, kila kitu anapeleka mdomoni, na kipindupindu hapa Uvira tunakijua. Kuharisha na uvimbe wa ufizi vinakutana. Wakichokonoa, baada ya siku chache kuharisha kunaisha, kama ambavyo mara nyingi kungeisha kwenyewe, na sifa anapata mwenye kisu.

Mama akaniuliza: "Sasa nifanye nini?" Tukaenda kituo cha afya, akapewa chumvi za kuchanganya na maji safi, pamoja na zinki. Mtoto ananyonya sasa.

Bibi hajakubali. Anasema aliwatoa watoto wake wote na wako wazima. Nikafungua mdomo wangu, nikamwonyesha jino la chonge la chini, kushoto: mashimo, rangi ya kahawia. Lilitoka hivyo nikiwa na miaka 11. Mama yangu ndiye alinieleza sababu.