Maharage ya Mbeya na Mtihani wa Jiko

Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Dar es Salaam huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, yanachemka karibu na nyuzi 94, na ukizidisha moto hayapandi joto. Yanaishia kuwa mvuke. Chai haidhuriki. Maharage ndiyo yanayogoma, na makande hugoma zaidi, kwa hiyo mpishi wa mtaa wa Soweto mjini Mbeya huchoma mkaa mwingi kuliko mwenzake wa Pwani kwa sufuria ileile.

Wahamasishaji wa majiko huanza na moshi au misitu. Mpishi huanza na maharage.

Jiko lililowahi kuwaridhisha wote wawili ni lile la bati lenye udongo uliochomwa ndani yake. Lilitokana na jiko la Thailand, likarekebishwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakalifua kwa wingi. Udongo hushika joto badala ya kuliachia ubavuni, na mkaa hupungua kwa kati ya theluthi na nusu. Nafuu hiyo mnunuzi aliihisi mfukoni ndani ya wiki, bila kusubiri semina. Tanzania nayo ikawa na majiko banifu yake, na shirika la TaTEDO, lililoanzishwa mwaka 1990, likafundisha mafundi kuyatengeneza. Hata hivyo, jiko haliwezi kurudisha kilichopotea porini: tanuri la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni ili litoe kilo moja ya mkaa.

Ndiyo maana serikali sasa inataka mkaa wenyewe uondoke. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na siku chache baadaye alikuwa Paris kama mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu jambo hilohilo. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kuuza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku.

Mtungi unafika nyumbani, na mara nyingi unapewa kazi ya chai na mayai. Maharage hubaki kwa mkaa. Wataalamu hulihesabu hilo kama kushindwa, lakini ni hesabu ya kawaida ya nyumba: mkaa hununuliwa kwa kopo, gesi hudai fedha yote kwa mkupuo.

Mseto huo una gharama kwa mapafu. Karonga, ng'ambo ya mto Songwe upande wa Malawi, ilikuwa mojawapo ya wilaya mbili za utafiti mkubwa uliochapishwa na jarida la Lancet. Watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano walifuatiliwa. Nusu ya vijiji vilipewa majiko yenye feni, yaliyochoma kuni kwa moshi mdogo. Nimonia haikupungua. Majiko yaliharibika, moto wa zamani uliendelea kuwashwa, na moshi wa jirani na wa taka haukujali nani amepewa jiko.

Kwa nyanda za juu, kifaa kinachojibu swali la mpishi moja kwa moja ni presha kuka ya umeme. Mvuke ukibanwa, joto la maji huvuka nyuzi 110 hata Mbeya, na nusu kilo ya maharage huiva kwa chini ya uniti moja ya umeme, takriban shilingi 350 kwa mteja wa kawaida. Kikwazo ni bei ya kifaa chenyewe, pamoja na umeme unaokatika sufuria ikiwa katikati.

Halafu kuna baridi. Juni na Julai, jiko la mkaa Mbeya na Iringa ni hita ya nyumba pia, na wapo wanaoliingiza chumbani na kufunga dirisha, ingawa gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na huua waliolala. Presha kuka haipashi chumba joto, na mkakati unaohesabu mapishi peke yake hautaona kwa nini gunia la mkaa bado linanunuliwa kila Mei.