UGONJWA WA UKOO SI HUKUMU YA KIFO



Yako maneno tunayoyasikia mara kwa mara katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na hata sokoni Mbarara: "Huu ni ugonjwa wa ukoo. Ulimchukua mama, ukamchukua shangazi, sasa zamu yangu imefika." Mwanamke akishasema hivyo hukaa nyumbani na uvimbe wake mpaka titi lifanye kidonda. Leo tunataka kuyajibu maneno hayo, kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu ya pili inaua watu.

Nusu iliyo kweli

Kila mtu huzaliwa na jeni, yaani maagizo ya mwili, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Baadhi ya jeni hufanya kazi kama mafundi wa karakana: chembe ya mwili ikiharibika, wao huitengeneza. Jeni mbili za namna hiyo, BRCA1 na BRCA2, zilitambuliwa na wataalamu mwaka 1994 na 1995. Aliyerithi hitilafu katika mojawapo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya matiti, na kila mtoto wake, binti au mvulana, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Basi tusiulize habari za mama mkubwa na mama mdogo tu. Tuulize pia za shangazi na za bibi mzaa baba, kwani mwanamume naye huibeba na kuipitisha.

Mwaka 2020 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Kampala na Yaoundé, Kameruni. Kati ya wagonjwa 196 wa saratani ya matiti, kiasi cha 16 kwa kila 100 walikuwa na hitilafu ya kurithi katika jeni zinazohusika na ugonjwa huu. Wenye hitilafu ya BRCA1 waliugua wakiwa na umri wa wastani wa miaka 38, mapema kuliko wenzao. Lakini tutazame pia upande wa pili wa hesabu: wagonjwa 84 kwa kila 100 hawakukutwa na hitilafu hizo. Asiye na mgonjwa katika ukoo wake asijidanganye kwamba yu salama.

Nusu isiyo kweli

Kupata ugonjwa ni jambo moja, na kufa nao ni jambo jingine. Huko Uingereza walifuatiliwa wanawake 2,733 waliougua kabla ya kutimiza miaka 41. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: baada ya miaka 10, kiasi cha 70 kwa kila 100 walikuwa hai, na wenye hitilafu za BRCA hawakupungukiwa na wenzao. Wote walikuwa wametibiwa.

Sasa tutazame kwetu. Wanawake zaidi ya 2,000 wa Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini walifuatiliwa vivyo hivyo. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba baada ya miaka 3 tu, nusu yao walikuwa wamekwisha kufa. Sababu kubwa zilikuwa kufika hospitali kwa kuchelewa na kukosa matibabu kamili.

Hatusemi kwamba urithi hauna kazi baada ya mtu kuugua. Mwaka 2024 wataalamu wa New York walieleza kwamba aina moja ya jeni iitwayo PCSK9 husaidia saratani kuenea mwilini, kwa kadiri walivyoona kwa wanawake wenye asili ya Ulaya. Lakini jeni hatuwezi kuibadilisha. Siku ya kufika hospitali tunaweza.

Kinachomchelewesha mfanyakazi

Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi Nakivale, awe mwalimu, mkalimani au mfagizi wa zahanati. Ameona uvimbe usiouma. Kwenda hospitali ya rufaa ya Mbarara ni nauli ya kwenda na kurudi na kupoteza siku ya kazi. Akianza dawa za dripu, mara nyingi ni duru 6, wiki 3 kati ya duru na duru, yaani takriban miezi minne. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimwekea mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi mmoja tu, na ugonjwa ukizidi miezi miwili ikamruhusu mwajiri kuvunja mkataba. Anayelipwa posho bila mkataba hana hata cha kudai.

Kwa hiyo tunadai:

1. Likizo ya ugonjwa kwa mwenye saratani iendelee mpaka matibabu yaishe.
2. Mwanamke apewe ruhusa ya kwenda kupimwa bila kukatwa mshahara.
3. Kila tawi liwe na mfuko wa nauli, nao umsaidie mgonjwa pamoja na dada na binti zake wanaohitaji kuchunguzwa.

Wewe mwanachama, ukiona uvimbe, ngozi iliyojikunja au chuchu inayotoa damu, usingoje maumivu. Nenda wiki hii, umwambie daktari nani aliugua katika ukoo wako, kuumeni na kukeni. Na ukikosa nauli, mwone katibu wa tawi lako.

Umoja ni nguvu!