Macho kulia, kibodi kushoto: kuhama madirisha kwenye Linux yenye skrini mbili

Simulesheni yangu ilikuwa imeshaenda siku mbili na nusu. Ilikuwa kwenye terminali, skrini ya kushoto. Kulia nilikuwa nimefungua makala ya PDF, nikaweka alama kwenye aya moja niliyotaka kuinakili. Kabla sijanakili nikakumbuka kuchungulia simulesheni imefika wapi, nikabofya terminali, nikaona iko poa, macho yakarudi kulia. Aya bado ina alama. Nikabonyeza Ctrl+C.

Wanaotumia Linux wameshajua kilichotokea. Kwenye terminali, Ctrl+C hainakili kitu. Inatuma ishara iitwayo SIGINT, ambayo kwa kawaida inaiambia programu inayoendelea hapo: acha. Ikaacha. Siku mbili na nusu zikaenda kwa vidole viwili.

Nilidhani ni uzembe wangu tu. Baadaye nikagundua kuna jambo la msingi sikuwa nalielewa: ukiwa na skrini mbili, au tatu, au nne, kibodi yako inaongea na dirisha moja tu kwa wakati mmoja. Siyo dirisha moja kwa kila skrini. Moja, basi. Macho yanaweza kuzurura yanakotaka, herufi zinaenda kwenye dirisha lile moja, na mwenye kuamua ni lipi ni programu inayoitwa msimamizi wa madirisha.

Kwa nini tusitumie kipanya tu? Hebu fungua terminali uandike xrandr (kama unatumia X11, mfumo wa picha uliotoka mwaka 1987 na ambao bado uko kwenye kompyuta nyingi). Skrini ya pili itaonekana hivi: 1920x1080+1920+0. Maana yake ni kwamba inaanza pale pikseli 1,920 za skrini ya kwanza zinapoishia. Kwa kompyuta, hizo siyo skrini mbili, ni uwanja mmoja mrefu wenye upana wa pikseli 3,840, na mshale wa kipanya lazima uukate wote. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia shabaha unaongezeka kadiri shabaha inavyokuwa mbali na inavyokuwa ndogo. Ukiongeza monita, umeongeza umbali. Vidole vikiwa kwenye kibodi, umbali ni uleule hata uwe na monita sita.

Sasa wengi tunakimbilia Alt+Tab. Alt+Tab ni nzuri sana kwa madirisha mawili. Inapanga kwa mpangilio wa lililotumika karibuni, kwa hiyo kubonyeza mara moja kunakurudisha ulikotoka. Lakini ukiwa na madirisha kumi na mbili, shida inaanza: mpangilio unabadilika kila unapohama. Kivinjari kilichokuwa cha tatu sasa hivi, dakika moja baadaye ni cha saba. Vidole haviwezi kukariri kitu kisichokaa mahali pamoja, kwa hiyo kila safari inabidi utazame, usome, uchague. Na Alt+Tab haikuulizi unataka skrini gani, inakupeleka tu dirisha liliko. Kwenye GNOME yenye mipangilio yake ya asili, kuna jambo jingine: Alt+Tab inahama kati ya programu, siyo madirisha. Ukiwa na terminali nne, zote zinahesabika kama kitu kimoja, na ili kuzunguka kati yake unatumia Alt pamoja na kitufe kilicho juu ya Tab. Nilitumia Ubuntu miaka kadhaa bila kulijua hilo, sioni aibu kusema.

Dawa ni anwani. Badala ya kusema "nipe linalofuata", unasema "nipe lile pale". GNOME inayo tayari na huhitaji kusakinisha chochote: Super+1 hadi Super+9 (Super ni kile kitufe chenye nembo) zinaleta programu kwa nafasi yake kwenye orodha ya vipendwa. Kivinjari kikiwa cha kwanza, Super+1 ni kivinjari leo na mwezi ujao. Na kulihamisha dirisha lenyewe kwenda skrini ya pili ni Super+Shift na mshale wa upande unaotaka.

Wanaotaka zaidi wanaingia kwenye wasimamizi wanaopanga madirisha kama vigae. Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu wameshindwa kukubaliana skrini ni nini hasa.

Chukua i3, iliyoanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009. Kila eneo la kazi lina namba na lina skrini yake. Tuseme eneo la 4 linaonekana skrini ya kulia na wewe uko kushoto. Ukibonyeza Super+4, hakuna kinachosogea, ni wewe unayepelekwa kulia, na mshale wa kipanya unakufuata. xmonad, ya mwaka 2007, inafanya kinyume. Ukiliita eneo la 4 wakati liko kulia, linakuja kwako kushoto, na lile ulilokuwa nalo linaenda kulia. Yanabadilishana nafasi.

Ipi bora? Mimi nipo upande wa i3. Kwangu skrini ni kama chumba: jikoni ni jikoni, sitaki niite sufuria halafu jiko zima linifuate sebuleni. Lakini rafiki yangu mmoja anayeumwa shingo anatumia xmonad kwa sababu hiyohiyo ninayoikataa. Hataki kugeuza kichwa, kazi ndiyo imfuate mbele yake. Kiukweli sina jibu la kumpinga.

Kwenye i3 unaweza pia kulitia dirisha alama ya jina, mfano mark sim, kisha ukafunga kitufe kimoja kwa amri [con_mark="sim"] focus. Popote dirisha hilo liliko, skrini yoyote, kitufe kile kinakufikisha.

Tahadhari moja kabla hujaanza kunakili maelekezo ya zamani. Mengi yanatumia wmctrl: wmctrl -l inaorodhesha madirisha, wmctrl -a na sehemu ya jina inakupeleka kwenye dirisha hilo. Inafanya kazi vizuri kwenye X11. Kwenye Wayland haiyaoni madirisha ya Wayland yenyewe, na siyo hitilafu. Kwenye X11 programu yoyote inaweza kuorodhesha madirisha ya wenzake na hata kusikiliza unachoandika humo, ikiwemo nywila. Wayland imefunga mlango huo kwa makusudi. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE ujue uko upande gani. Ukiwa Wayland na unapenda i3, tumia Sway, inasoma karibu usanidi uleule.

Na simulesheni? Niliianza upya usiku uleule. Safari hii niliweka nohup mwanzoni na alama ya & mwishoni mwa amri, ili iende nyuma ya pazia, maana Ctrl+C inaigusa tu programu iliyo mbele kwenye terminali. Halafu nikafungua usanidi wa i3, nikatafuta mstari wa client.focused, nikaupaka mpaka wa dirisha lenye kibodi rangi nyekundu ya kuumiza macho. Wenzangu wa ofisini wanasema ni mbaya. Ni mbaya kweli.