Unataka uwanja wenu uboreshwe? Jua ofisi ya kuendea, na wakati wa kwenda

Katika vikao vya wananchi vya Kuresoi Kusini, swali moja huulizwa karibu kila mara, iwe ni Amalo, Keringet, Kiptagich au Tinet: "Ni nani atatutengenezea uwanja?" Vijana wanaulizia mahali pa kucheza kandanda na voliboli. Wanaofanya mazoezi ya mbio wanaulizia mahali pa kukimbia bila kupishana na malori ya viazi na majani chai. Wazazi nao wanaulizia mahali ambapo watoto wanaweza kuwa salama baada ya masomo, mbali na vichochoro vya pombe haramu.

Swali ni la haki, lakini mara nyingi huulizwa katika ofisi isiyohusika, au huulizwa bajeti ikiwa tayari imefungwa. Makala haya yanaeleza kazi ya serikali ya kaunti ni ipi, kazi ya Serikali ya Kitaifa ni ipi, na hatua za kufuata ili ombi lenu liingie katika mipango na lipate fedha.

Kazi ya nani?

Katiba ya mwaka 2010 iligawa kazi baina ya serikali mbili, na mgawanyo huo uko katika Jedwali la Nne. Serikali za kaunti zilipewa zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, masoko, barabara za kaunti, huduma za kilimo na mifugo, leseni za biashara na za vileo, maktaba, viwanja vya michezo na mahali pa burudani.

Kwa hivyo uwanja wa umma, yaani ule ambao haumo ndani ya shule, ni jukumu la kaunti. Hata hivyo, viwanja vingi tunavyovitumia Olenguruone na vijiji vya karibu vimo katika shule za msingi na sekondari. Shule hizo ziko chini ya Serikali ya Kitaifa na husimamiwa na bodi zao. Kikundi kinachotaka kutumia uwanja wa shule jioni au wikendi kinapaswa kumwona mwalimu mkuu, kuandikiana naye saa za matumizi, na kukubaliana ni nani atakayesafisha na kurekebisha kitakachoharibika. Mara nyingi mpango huu huwa wa haraka zaidi kuliko kusubiri uwanja mpya.

Mkanganyiko huu haupo katika michezo pekee. Mbolea ya ruzuku hutolewa na Serikali ya Kitaifa, lakini afisa wa kilimo anayekuja shambani kukuonyesha namna ya kupambana na ugonjwa wa viazi ni wa kaunti. Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa ni vya Serikali ya Kitaifa, ilhali leseni ya duka ni ya kaunti. Chifu ni wa Serikali ya Kitaifa. Msimamizi wa wadi ni wa kaunti. Barabara kuu zinashughulikiwa na mashirika ya kitaifa, na zile ndogo za kuingia vijijini zinashughulikiwa na kaunti. Muuguzi wa zahanati ameajiriwa na kaunti, lakini Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ni ya kitaifa. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya afya ya msingi, ndiyo maana unahimizwa kujisajili SHA kwa kupiga *147# hata kama hujaugua.

Ukikosea mlango, usirudi nyumbani ukiwa umekata tamaa. Mwulize msimamizi wa wadi akuelekeze. Kuelekeza wananchi ni sehemu ya kazi yake.

Kwa nini uwanja si anasa

Wapo wanaosema kwamba penye uhaba wa dawa na barabara mbovu, uwanja unaweza kusubiri. Hoja hiyo ina uzito, na kila kijiji kina haki ya kupanga mahitaji yake kwa mfuatano kinaoutaka. Lakini eneo letu lina ushahidi wake. Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 katika michezo ya Rio, Tokyo na Paris, alikulia upande wa Keringet na kusoma huko. Alipenda kucheza kandanda kabla ya kuingia katika riadha. Mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 16, alimaliza wa nne katika mbio za nyika za dunia za chipukizi akiwa pekupeku, na mwaka uliofuata akashinda mbio hizo, tena bila viatu.

Si kila mtoto atakayekuwa bingwa, na lengo la uwanja si hilo. Uwanja ni mahali ambapo kijana aliyemaliza shule na bado hajapata kazi ana sababu ya kuamka asubuhi. Ni mahali ambapo msichana anaweza kufanya mazoezi watu wakimwona, badala ya kukimbia peke yake barabarani kukiwa bado na giza na ukungu. Ni mahali pia ambapo Wakipsigis, Ogiek, Wakikuyu, Abagusii na wengine wote wanaoishi hapa hukutana bila ya kuitwa mkutanoni.

Kwanza, thibitisheni ardhi

Maombi mengi ya viwanja hukwama katika hatua hii. Kaunti haiwezi kutumia fedha za umma katika ardhi ya mtu binafsi, hata kama kijiji kizima kimecheza hapo kwa miaka 30. Siku mwenyewe atakapoweka ua, fedha zitakuwa zimepotea, na maafisa waliozitumia wataulizwa na wakaguzi.

Olenguruone ilianza kama skimu ya makazi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na baadaye maeneo mengine ya jirani yakagawanywa kwa utaratibu wa namna hiyo. Katika skimu nyingi nchini, vipande vya ardhi vilitengwa kwa ajili ya shule, zahanati, soko na matumizi mengine ya umma. Baadhi vipo hadi leo, vingine havina hati, na mipaka ya vingine imesogezwa kidogo kidogo. Kabla ya kuandika ombi, nendeni katika ofisi ya ardhi mkiwa na nambari ya kipande hicho, mwulize kimesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa ni ardhi ya umma lakini haina hati, ombi lenu la kwanza liwe ni kupimwa na kusajiliwa. Magoli yatafuata.

Msiombe uwanja ndani ya msitu wa Mau. Misitu ya umma iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na kaunti haina mamlaka ya kuigawa.

Kalenda ya bajeti: kuchelewa ni kukosa

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti zote 47 lazima zizifuate. Kwa mwananchi, zilizo muhimu zaidi ni hizi:

1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti. Miradi ya mwaka unaofuata hutajwa hapa. Kwa hiyo maoni yenu yanahitajika kabla ya mwisho wa Agosti.

28 Februari: Waraka wa Mkakati wa Fedha huwasilishwa. Huu huweka viwango vya fedha ambavyo kila idara, ikiwemo ya michezo, inaweza kutumia.

30 Aprili: Makadirio ya bajeti hupelekwa katika Bunge la Kaunti. Kamati ya bajeti husikiliza wananchi kabla ya kutoa mapendekezo yake.

30 Juni: Bajeti huwa imeidhinishwa.

Mtu anayekuja kikaoni mwezi Mei na wazo jipya kabisa la uwanja amechelewa, kwa sababu fedha za kila idara zimekwisha kupangwa na huenda mradi wake haumo katika mpango. Anayefaulu ni yule aliyetoa maoni kabla ya Septemba, akarudi Februari, kisha akaja tena Mei kuuliza kama ombi lake bado limo.

Katika kikao kimoja nilichohudhuria, watu waliofika hawakujaza hata madawati matatu. Wazee waliokuwepo waliomba kivuko cha miguu, na kivuko kikaorodheshwa. Wiki chache baadaye kundi la vijana lilikuja likiwa na hasira kwamba uwanja wao haumo. Walisema hawakuambiwa. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ubao, lakini hakuna kijana anayepita kwenye ubao huo. Pande zote mbili zilikuwa na jambo la kujifunza. Ofisi inapaswa kupeleka matangazo walipo watu: vituo vya kununulia majani chai, sokoni, makanisani, kwenye steji za bodaboda na redioni. Vijana nao wamteue mmoja wao wa kufuatilia tarehe. Ukiuliza katika ofisi ya wadi mwanzoni mwa Julai na mwanzoni mwa Januari, ni vigumu kikao kikupite.

Andikeni, msiseme tu

Maneno ya kikaoni yanaweza kusahaulika, lakini barua iliyopigwa muhuri hubaki. Ombi la maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, linatosha likiwa ukurasa mmoja wenye mambo haya:

1. Jina la kijiji, kata ndogo na wadi.
2. Nambari ya kipande cha ardhi na hali ya umiliki wake.
3. Wanaotumia uwanja kwa sasa: timu, shule za karibu, wasichana, wazee, watu wenye ulemavu.
4. Mnachoomba, kwa mpangilio wa umuhimu. Katika eneo lenye mvua nyingi kama letu, kusawazisha ardhi na kuchimba mitaro ya maji huja kwanza. Choo na maji hufuata, kisha magoli na ua. Jukwaa la watazamaji linaweza kusubiri.
5. Mchango wa jamii: kupanda nyasi na miti, kufyeka, kulinda.
6. Majina, sahihi na nambari za simu za wawakilishi watatu, angalau mmoja akiwa mwanamke.

Toeni nakala tatu. Moja mpeni msimamizi wa wadi, ya pili ofisi ya mwakilishi wadi, na ya tatu ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.

Ni vyema pia kikundi kiwe kimesajiliwa. Kikundi cha kijamii husajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, chini ya sheria ya usajili wa vikundi ya mwaka 2022. Klabu inayotaka kushindana rasmi husajiliwa na Msajili wa Michezo, chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza pia kuomba kazi: sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Mradi ukianza, ulindeni

Mradi kuwemo katika bajeti si mwisho wa safari. Fedha kutoka Hazina ya Kitaifa huweza kuchelewa, na mradi ambao haukukamilika kufikia 30 Juni hulazimika kupangiwa tena fedha. Ulizeni umefikia wapi kila robo ya mwaka.

Mkandarasi akifika, ulizeni mradi unagharimu kiasi gani, kazi zilizoorodheshwa ni zipi, na utakamilika lini. Ombeni kamati ya wakazi ya kusimamia mradi iwepo, na wanachama wake wachaguliwe hadharani. Ikiwa mkataba unasema mitaro miwili na mmeuona mmoja, andikeni kabla kazi haijapokelewa rasmi, kwa sababu malipo yakishatolewa ni vigumu kumrudisha mkandarasi.

Kupata taarifa ni haki yako. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ofisi ya umma inapaswa kujibu ombi lako ndani ya siku 21. Usipojibiwa, unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na ikiwa jambo lenu limepuuzwa kwa muda mrefu, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inawapa haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi kwa serikali ya kaunti. Hakuna ada, na huhitaji wakili.

Wakati mnasubiri

Yapo yanayoweza kuanza wiki hii. Kubalianeni na shule iliyo karibu. Afisa wa michezo wa kaunti ndogo anaweza kuwaeleza mashindano yaliyopangwa, kozi za makocha na waamuzi, na jinsi timu za wadi zinavyochaguliwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaweza kutumia siku ya mechi kupima shinikizo la damu na kukumbusha akina mama kuhusu chanjo, mkiwaalika mapema.

Kaunti yetu ina wadi 55, na kila wadi ina orodha yake ya mahitaji. Fedha hazitoshi kwa orodha zote, na tusingekuwa wakweli tukisema vinginevyo. Kati ya maombi mawili yenye uzito sawa, lile lenye ardhi iliyothibitishwa, barua iliyopokelewa na watu wanaolifuatilia ndilo rahisi zaidi kuingia katika bajeti. Anzeni na nambari ya ardhi.