Fungu la Dada: Kutoka Ujiji Hadi Bagamoyo

Njia ya Ujiji hadi Bagamoyo ni kongwe kuliko reli na kuliko lami. Richard Burton na John Speke walipoishika wakitokea Pwani mwaka 1857, waliikuta imekwisha kukanyagwa na misafara ya Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi, na iliwachukua zaidi ya miezi saba kulifikia ziwa, Februari 1858. Kwa njia hiyo zilishuka pembe za ndovu na watu waliotiwa utumwani. Kwa njia hiyo hiyo zilipanda nguo, shanga, dini yetu na lugha hii tunayoiandikia. Lisilosemwa sana ni kwamba njia hiyo ilifungisha ndoa pia, na ndoa huzaa warithi.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 misafara ya miguu ilikoma, kisha yakaja malori. Marehemu mzee wa swahiba wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa utingo wa lori katika ujana wake kabla hajarejea Ujiji na kununua boti ya kuvulia dagaa. Alipofariki aliacha mke, wavulana wawili na binti mmoja. Ndivyo mtaa mzima ulivyojua. Lakini ndani ya kasha lake zilikutwa hati ya ndoa iliyofungwa Bagamoyo na barua ya kumjulisha kuwa amepata mtoto wa kike. Ndoa ile ilivunjika kwa talaka na mtoto akalelewa kwa mama yake.

Kikao cha ukoo kilikuwa kizito. Alikuwapo aliyesema kuwa aliye mbali hana habari, na asiye na habari hana madai. Swahiba wetu, ambaye ndiye mkubwa wa watoto, aliomba kalamu. Baada ya madeni na gharama za maziko, boti, mashine na nyavu zilikuwa zimeleta shilingi 9,600,000. Nyumba ilikuwa mali ya mama mwenyewe. Mke ana thumuni, na kinachobaki mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke. Mali ikagawanywa mafungu 48: mama 6, kila mvulana 14, kila binti 7. Fungu la dada wa Bagamoyo likawa shilingi 1,400,000. Sura ya An-Nisaa, ilipotaja mafungu hayo, haikuweka sharti la umbali.

Mtu atauliza kwa nini fedha hizo zisitumwe kwa simu. Zilijaribiwa. Imamu mmoja wa Bagamoyo alisaidia kumtafuta dada huyo, mama wa makamo anayekaanga samaki, na swahiba wetu akampigia. Alipotaja urithi wa baba, simu ilikatwa. Nani atamlaumu? Matapeli wa simu nao huanza kwa salamu na bahati ya fedha. Hapo ndipo tulipoombwa, kwa kuwa ndio tunaoshika daftari la kamati ya msikiti, tufuatane naye tuwe shahidi wa makabidhiano.

Tulitoka baada ya Alfajiri kwa gari dogo, tukipokezana usukani. Uvinza, mji wa chumvi, tuliupita bila kusimama, na swahiba wetu hakusema neno hadi tulipovuka Mto Malagarasi. Usiku tulilala Tabora. Huko mdogo wake alimpigia simu: mtoto asiyejulikana miaka yote hii apewe nusu, na ashukuru. Walizungumza muda mrefu. Sisi tulitoka nje, kwa maana mazungumzo ya ndugu wawili si ya kusikilizwa na katibu. Tuliporudi alikuwa anatia udhu. "Saba ni saba," alisema, na hakulirejea tena suala hilo.

Kutwa ya pili ni ndefu: Itigi, Manyoni ambako tulikusanya na kufupisha Adhuhuri na Alasiri, kisha mibuyu ya Ugogo, Dodoma, Gairo, na Morogoro chini ya milima ya Uluguru usiku umeshaingia. Mwenzi wa safari hujulikana saa kama hizo, macho yakiwa mazito na chai ya chupa imekwisha. Hakutusukuma tukimbie, wala hakutuachia usukani peke yetu. Siku ya tatu tulipita Chalinze, tukakata kulia Msata, na kabla ya Adhuhuri tulikuwa Bagamoyo.

Dada alitupokea barazani akiwa na mumewe na imamu yule. Hakutazama fedha kwanza, alitazama hati. Aliisoma jina kwa jina, kisha akamkazia macho swahiba wetu, na kwa kweli paji la uso lilikuwa moja. Fedha alizihesabu mara mbili, akatia saini. Kisha akauliza, "Alikuwa akinitaja?"

Tuliogopa jibu. Ni rahisi kumfariji mtu kwa uongo mbele ya marehemu asiyeweza kukanusha.

"Hakukutaja, dada," alisema swahiba wetu. "Lakini barua yako aliitunza."

Alinyamaza kitambo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaagiza chai.

Alasiri alitupeleka pwani. Swahiba wetu amekulia kando ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, lakini bahari alikuwa hajaiona, na bahati yake aliikuta imekupwa: mchanga mtupu, mashua zimelala ubavu, mawimbi yako mbali. Ziwa Tanganyika halina desturi ya kuondoka. Akauliza maji yamekwenda wapi. Dada yake akacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Yatarudi magharibi, kaka. Kaa uyangoje."

Tulikaa siku mbili. Swahiba wetu alimwachia migebuka mikavu ya ziwani, naye akatufungashia papa mkavu kwa ajili ya mama wa Ujiji, mke wa baba yake, ambaye hajapata kumwona. Mama alimpika papa yule wiki hiyo hiyo na kuwaita wanawe. Mdogo hakuja; sahani yake ilifunikwa.