Kabla ya Kubonyeza Kitufe cha Uchambuzi

Kenneth Rogoff alipata hadhi ya grandmasta wa sataranji mwaka 1978. Baadaye akawa profesa wa uchumi Harvard. Mwaka 2010, yeye na Carmen Reinhart walitoa makala iliyodai kwamba deni la serikali likivuka asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi hudorora. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliishika makala hiyo kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, akapata faili lao la Excel na kukuta fomula ya wastani imekomea mstari wa 44 badala ya 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zimeachwa nje. Kulikuwa na hoja nyingine, nzito zaidi, kuhusu miaka iliyorukwa na uzito uliopewa kila nchi. Yote yaliporekebishwa, wastani wa ukuaji wa nchi zilizovuka asilimia 90, uliokuwa hasi 0.1, ukawa asilimia 2.2.

Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na jioni hucheza sataranji mtandaoni. Kisa hiki namsimulia kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza kazi.

Tangu toleo la 2013, ukichagua tarakimu kwenye Excel, kitufe kidogo huchomoza chini kulia. Kibonyeze upate jumla, wastani au chati papo hapo. Nakipenda. Ila hujumlisha ulichochagua tu, na huruka tarakimu zilizohifadhiwa kama maandishi. Taarifa za miamala ya simu zikinakiliwa na kubandikwa, mara nyingi huja hivyo: tarakimu zimeegemea kushoto mwa kisanduku, ilhali namba halisi huegemea kulia. Jumla inatoka, inapendeza, kumbe pungufu, na akiba ya mama aliyeweka fedha zake haimo. Kwa hiyo namwambia kijana alinganishe COUNT, inayohesabu namba pekee, na COUNTA, inayohesabu kila kisanduku chenye kitu. Zikipishana, asiiamini jumla hiyo.

Kwenye sataranji mambo ni magumu zaidi, kwa sababu mashine kwa kawaida iko sahihi. Lichess, tovuti ya bure aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, huchambua mchezo wako kwa programu ya Stockfish. Kuitumia katikati ya mchezo ni udanganyifu. Mchezo ukiisha, ni haki yako. Unaona mchoro ukipanda na kushuka, na tarakimu: +1 ni kama weupe kuwa mbele kwa askari mmoja. Mchoro utakuonyesha hatua iliyokuangusha. Ulichokuwa unawaza ulipoicheza hauwezi kukijua, na humo ndimo mna somo. Wakati mwingine programu husifu hatua ambayo sababu yake inaonekana baada ya hatua nyingine kumi. Mchezaji wa kiwango changu hapati kitu hapo. Nathamini zaidi kitufe cha kujifunza kutokana na makosa: kinakurudisha pale ulipoteleza na kukutaka utafute hatua bora mwenyewe, jibu likiwa limefichwa.

Ukimaliza mchezo, andika kwanza ulipohisi mambo yameanza kwenda kombo, ndipo ubonyeze. Nawe mweka hazina wa kikundi, kabla hujasoma jumla mbele ya wanachama, fungua fomula uone inaanzia mstari upi na kuishia upi.