Mbwa wa Serikali Anapostaafu

Katika nyika itokayo Mpanda kwenda Sitalike, ambako miombo husimama safu kwa safu hata kufika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, adui wa kwanza wa mbwa wa Polisi si jangili wala mwizi wa ng'ombe, bali ni mdudu: mbung'o, au ndorobo kama wengi wamwitavyo, ambaye enzi ya Waingereza alifanya watu wa magharibi ya Tanganyika wahamishwe vijijini mwao na kukusanywa mahali pamoja ili waepushwe na malale. Mbwa aumwapo na mdudu huyo huweza kupata nagana, maradhi yamtiayo homa, yamkondeshayo, na pengine kuyafunika macho yake kwa ukungu mweupe. Asipotibiwa mapema huweza kufa katika muda wa majuma machache, na dawa nayo yataka hadhari, kwani kipimo kikizidi humdhuru ubongo. Nimetanguliza habari hii kwa sababu watu wengi, wamwonapo mbwa huyo akishuka garini na askari wake, hudhani kwamba kazi yake ni kubweka na kutisha.

Kazi yake hasa ni kunusa. Binadamu apitapo huacha nyuma yake harufu ya jasho na ya majani yaliyopondwa na nyayo zake, nayo hudumu alfajiri penye umande, hufifia jua la adhuhuri liwakapo, na aghalabu hupotea mtu avukapo mto. Mbwa aletwaye mapema, kabla halaiki haijakanyaga mahali pa tukio, ana matumaini ya kufaulu. Aletwaye baada ya kijiji kizima kwenda kutazama hulaumiwa kwa kosa ambalo, kwa insafu, ni letu sisi watazamaji.

Taifa hili, ambalo tembo wake walipungua kutoka kadiri ya 109,000 mwaka 2009 hadi kadiri ya 43,000 mwaka 2014, lilitambua thamani ya pua hiyo baada ya hasara kubwa. Katika mwaka huo wa 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa kufunza, mkoani Arusha, mbwa wa kugundua pembe pamoja na askari wa kuwaongoza, na baadhi yao wakapelekwa Mombasa na Dar es Salaam, ambako shehena hupekuliwa kwa pua kabla ya kupekuliwa kwa mikono.

Najua kwamba msomaji Mwislamu atauliza habari za najisi, nami simlaumu, kwani kutawadha kuna sharti zake. Lakini na akumbuke kwamba Sura ya al-Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa kuwinda, na kwamba katika Sura ya al-Kahf, watu walipohitilafiana juu ya idadi ya vijana waliolala pangoni, kila hesabu iliyotajwa ilimtia mbwa wao ndani yake.

Sisi je, twamhesabu? Katika magazeti yetu yeye huwa ni "mbwa wa Polisi" tu, hana jina wala miaka ya utumishi, na siku nguvu za miguu zimwishiapo hutoweka katika habari kana kwamba hakuwahi kuwapo. Ajabu ni kwamba mfano wa kumwenzi mnyama mstaafu tunao nyumbani, tena wa panya! Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, alitumikia Kambodia kwa miaka mitano, akagundua mabomu na baruti zaidi ya 100, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akastaafu Juni 2021 katika raha ya ndizi na karanga, akafariki Januari 2022. Na tanzia yake ilitangazwa ulimwenguni kote kwa jina lake.

Mbwa hahitaji nishani, wala haijui. Ahitaji chakula, tabibu, na mtu aliyemzoea, ambaye kwa kawaida ni yule askari aliyeandamana naye porini kwa miaka. Basi nawasihi wenye mamlaka: mbwa akistaafu, askari huyo aulizwe kwanza kama yu tayari kumchukua, gharama ya matibabu isiachwe juu ya mshahara wake peke yake, na jina la mbwa liandikwe kituoni pamoja na miaka aliyotumika.